Ufunguo wa choo cha wanawake uko kwenye droo ya msimamizi. Tulidaije jambo hili?

BintiPaneli

Habari za kazi wadau. Naleta jambo ambalo mimi na wenzangu wa zamu tumelizungumza hadi tumechoka, sasa nataka mawazo ya watu wa nje, hasa wanawake mnaofanya kazi karakanani, migodini, kwenye ujenzi na kwenye mitambo. Wanaume wenye nia njema karibuni pia, na maafisa usalama kazini ndio nawahitaji zaidi.

Mimi ni fundi umeme wa kiwandani. Kazi yangu ni mota, paneli za kuendeshea mitambo na nyaya zinazopita juu ya vichwa vya watu. Idara yetu ya matengenezo ina mafundi wapatao sabini. Wanawake tuko wanne: mimi, mchomeleaji, fundi pampu na dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo. Tunafanya kazi ileile, zamu zilezile, usiku na mchana. Hakuna anayetubebea ngazi, wala hatujaomba tubebewe.

Jengo letu lilichorwa na watu ambao hawakufikiria kwamba mwanamke ataingia humo akiwa amevaa ovaroli. Upande wa wanaume kuna vyumba vinne vya choo, sehemu za kukojolea zimepangwa ukutani, masinki na bafu. Upande wetu kulikuwa na chumba kimoja chenye alama ya mwanamke mlangoni, na ndani yake kulikuwa na madumu ya rangi, mafagio, vipande vya mabomba na ndoo za deki. Choo chenyewe kilikuwa nyuma ya vitu hivyo, maji yamefungwa. Waliokigeuza stoo hawakumwuliza mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Tulilalamika, kikasafishwa. Tukafurahi. Baada ya muda mfupi wanaume wakagundua kwamba kile choo hakina foleni, wakawa wanakwenda humo kwa haja kubwa. Unafungua mlango unamkuta mtu, au unakuta amekwisha kuondoka na ameacha kiti kimelowa. Mlango haukuwa na komeo la ndani, kwa hiyo nasi tuliingia mmoja ndani, mmoja nje ameushikilia mlango.

Tulilalamika tena. Safari hii ikaletwa kufuli ya nje, na ufunguo ukawekwa kwenye droo ya msimamizi wa zamu. Hapo ndipo tulipo sasa. Nikitaka kwenda haja, kwanza namtafuta msimamizi. Akiwa chini ya mtambo, nasubiri. Akiwa kwenye kikao, nasubiri. Nikimpata, namwomba ufunguo mbele ya kundi zima, na kila aliyepo anajua naenda wapi, na nikichelewa anajua nimechelewa. Mwezi ukifika nikarudi kuomba tena baada ya saa tatu, macho yote yananifuata. Hakuna mwanaume hata mmoja kati ya wale karibu sabini anayeombea ruhusa mkojo wake.

Kuna vyoo vingine vya wanawake, kwenye jengo la ofisi. Kufika huko nakata uwanja mzima wa malori, napita kwa mlinzi, navua viatu vya kazi mlangoni kwa sababu ya grisi. Usiku jengo lile linafungwa.

Halafu kuna suala la ovaroli, ambalo wakubwa hawalielewi mpaka uwachoree. Mwanaume anafungua zipu, basi. Mimi nafungua mkanda wa zana, kama nilikuwa juu navua na mkanda wa usalama, nashusha zipu, natoa mikono yote miwili, nateremsha nguo hadi magotini. Ndani ya choo hakuna msumari wala ndoano. Mkanda wa zana nauweka wapi? Mikono ya ovaroli inalala kwenye sakafu yenye maji nisiyojua ni ya nini, kisha naivaa tena na kurudi kwenye paneli. Hakuna pipa lenye mfuniko. Pedi iliyotumika naifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye begi moja na koleo, bisibisi na testa mpaka nifike nyumbani. Linaniuma jambo hili kuliko yote, na nimeamua kuliandika wazi kwa sababu kila tunapolifunika ndipo wanapoona hakuna tatizo.

Mwisho wake nini? Tuliacha kunywa maji. Sote wanne, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuambiana. Nafanya kazi karibu na boila, jasho linatiririka, na mimi nanywa funda moja la kulainisha koo. Nimeugua UTI, nikatibiwa, ikarudi. Mwenzangu anayechomelea naye hivyohivyo. Na kuna siku kichwa kilinizunguka nikiwa kwenye ngazi mbele ya paneli iliyo wazi. Fundi umeme hatakiwi kuwa na kichwa kinachozunguka mahali kama pale.

Majibu tuliyopewa mpaka leo: mko wachache, subirini bajeti, tumieni cha wanaume, mmoja wenu asimame mlangoni. Hilo la mwisho tafadhali litazameni kihesabu: mafundi wawili wanaacha kazi ili mmoja akojoe.

Na muda si mrefu tunapokea wasichana wa chuo cha ufundi kwa mafunzo ya vitendo. Nimefurahi mno kwamba wanakuja. Sitaki somo la kwanza watakalojifunza kwetu liwe kubana mkojo.

Kuna kikao cha kamati ya usalama hivi karibuni na nimepewa nafasi ya kuwasilisha. Naombeni: niliwasilishe vipi ili lisionekane ni malalamiko ya kina dada? Nidai nini hasa, kwa vipimo? Na kuna kanuni gani ninazoweza kuzitaja?

---

MwendeshaKreni

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na nimekasirika kwa niaba yako. Mimi niko kwenye kreni ya mnara, chumba changu kiko juu, na kushuka tu ni kazi yenyewe. Nikishuka nikakuta choo kimefungwa na mwenye ufunguo hayupo, siwezi kupanda tena hivyohivyo.

Nikushauri kuhusu ufunguo kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanadanganywa. Kufuli ya nje inawatunza wao, haikutunzi wewe. Wanaonyesha wamechukua hatua, lakini wewe ukiwa ndani bado huna komeo. Dai komeo imara la ndani, lile linaloonyesha nyekundu kwa nje mtu akiwemo. Kama wanahofia wanaume kuingia, basi kila mwanamke apewe ufunguo wake mwenyewe auweke mfukoni, au kitasa cha namba. Ufunguo usiwe kwenye droo ya mtu yeyote, hata awe mtu mwema namna gani, kwa sababu mtu mwema naye huenda kula, huumwa, hubadilishwa zamu.

Pili, swichi ya taa iwe ndani. Nimefanya kazi mahali ambapo swichi ilikuwa nje na vijana walikuwa wanaizima wakipita, wanaona ni mchezo. Ukiwa gizani, ovaroli iko magotini, huoni mchezo.

Tatu, mlango ufike chini na juu. Ile milango yenye uwazi wa kiganja kizima chini, kwenye eneo la wanaume pekee, inakufanya usikae ukatulia. Na mahali kilipo pia: kisiwekwe nyuma ya rundo la vyuma chakavu ambako usiku hata mlinzi hafiki.

Hilo la "mko wachache" lisikutishe. Jeannette Rankin aliingia kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1917, mwanamke wa kwanza. Choo cha wanawake karibu na ukumbi wa baraza hilo kilifunguliwa mwaka 2011. Kwa miaka yote hiyo wabunge wanawake walitembea mbali wakati wenzao wanaume walikuwa na chao hatua chache kutoka ukumbini. Watu wanaotunga sheria za nchi! Kwa hiyo kungoja idadi iongezeke ndipo choo kije, ni kungoja sana.

---

Msimamizi wa Zamu B

Nitaongea kama mwanaume na kama msimamizi, tusigombane.

Mimi pia nina droo yenye ufunguo kama huo. Sikuuweka kwa ubaya. Tuliuweka kwa sababu wanaume walikuwa wanakichafua, na wanawake wenyewe ndio waliotaka kifungwe. Ukisema ufunguo ni udhalilishaji, mimi nasema sikuwa na njia nyingine siku ile.

Shida ya kweli ni nafasi. Karakana nyingi zimejaa mitambo hadi ukutani. Ukiniambia nijenge choo kipya, nitakuuliza nikiweke wapi na bomba la maji taka lipite wapi. Mimi naona dawa ni kuacha habari ya cha wanaume na cha wanawake. Vyumba vya mtu mmojammoja, kuta hadi juu, sinki humohumo, komeo la ndani, kila mtu atumie. Kwangu nyumbani hatuna choo cha baba na choo cha mama.

Pia, bila kumkosea mtu, kuna malalamiko kwamba kina dada huchukua muda mrefu. Kazi za kusimamisha mtambo zina dakika zake.

---

BintiPaneli

Kaka Msimamizi, nashukuru umekuja kuongea kwa jina la kazi yako, wengi wananyamaza.

Nakubali kwamba nia haikuwa mbaya. Lakini tuliomba wanaume wasiingie, hatukuomba kuingia kwetu kuwe kwa ruhusa. Kwa wanaume waliokichafua hakuna hatua iliyochukuliwa, hata tangazo la ukutani. Waliofungiwa ni sisi ambao hatukufanya kosa. Nadhani ungelitazama hivyo ungeona kwa nini linauma.

Na mngetuuliza. Mwanaanga wa Marekani Sally Ride alipokuwa anajiandaa kwenda angani mwaka 1983, wahandisi wa NASA, shirika la anga la nchi yake, watu wenye akili zao, walimpangia tamponi (zile pamba za hedhi zinazovaliwa ndani ya mwili) 100 kwa safari ya wiki moja. Nao hawakuwa na ubaya. Yeye angalau aliulizwa kama idadi hiyo inatosha, akawaambia ni nyingi mno. Sisi wanne hakuna aliyetuuliza hata kama ndoano inahitajika.

Kuhusu muda, nimeshaeleza habari ya ovaroli. Ongeza kutafuta ufunguo na kuurudisha. Sehemu kubwa ya huo "muda mrefu" mnaouona inaishia kwenye kutafuta msimamizi na kukata uwanja wa malori. Tukiondolewa hayo mawili, zilizobaki ni dakika za mwili, na mwili wangu sikuuchora mimi.

Hilo la vyumba vya mtu mmojammoja sikatai. Hofu yangu ni usafi: watu wanne wakichangia na karibu sabini, nani anasafisha, mara ngapi kwa zamu? Chumba cha nyumbani kwako mnakitumia watu mnaojuana na kuna mtu anakisafisha kila siku. Nikipata jibu la usafi, nitakuunga mkono.

---

Muuguzi wa Zahanati ya Kazini

Naomba niingie hapa kwa upande wa afya, maana wanawake wa aina yenu nawapokea kila mara, na wengi hawasemi chanzo mpaka uwaulize mara mbili.

Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4. Wa mwanaume ni kama sentimita 20. Bakteria wanaoishi karibu na njia ya haja kubwa wana safari fupi sana kufika kwenye kibofu cha mwanamke. Kinachowaondoa ni mkojo wenyewe: unapokunywa maji na kwenda haja mara kwa mara, unawasukuma nje. Ukipunguza maji na ukabana, wanabaki ndani na kuongezeka. Kwa hiyo ukitibiwa kwa dawa ukarudi kwenye choo kilekile chenye ufunguo kwenye droo, ugonjwa kurudi si ajabu. Na maambukizi yakipanda hadi kwenye figo, homa na maumivu ya mgongo yanaweza kumlaza mtu.

Kibofu cha mtu mzima kikifikia mililita mia nne au tano za ujazo, yaani chini kidogo ya nusu lita, mtu anahitaji kwenda. Hilo halibadilishwi na ratiba ya kusimamisha mtambo. Mjamzito ndio zaidi, kwa sababu mfuko wa uzazi unakibana kibofu.

Upungufu wa maji kwenye joto la boila unaleta kizunguzungu, kichwa kuuma, umakini kushuka, na ukizidi sana joto la mwili linapanda hadi hatari. BintiPaneli, ile siku ya ngazini inatakiwa iandikwe kwenye daftari la matukio ya hatari, hata kama hukuanguka.

Hedhi: pedi hubadilishwa kila baada ya saa chache, na tamponi haitakiwi kukaa zaidi ya saa 8, kwa sababu ya hatari ya sumu ya bakteria kuingia mwilini, ni nadra lakini inaua. Zamu ya saa 12 bila mahali pa kubadilishia ni hatari ya kiafya, andika hivyohivyo. Na kubadilisha kunahitaji mikono safi kabla na baada. Fundi mwenye grisi mikononi anahitaji maji na sabuni humohumo ndani ya chumba, kabla hajagusa chochote. Sinki la nje kwenye korido halimsaidii.

Ukienda kwenye kamati, usimtaje mgonjwa yeyote. Taja wewe mwenyewe kama uko tayari, vinginevyo sema "wafanyakazi" na inatosha.

---

Afisa Usalama

BintiPaneli, umeomba kanuni. Nitakupa ninazozitumia mimi, kisha utafute sheria ya usalama na afya kazini ya nchi yako, uichukue yenyewe ilivyo, usitegemee ya kusimuliwa.

Kwanza ujue kwamba jambo hili si geni. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilitunga sheria ya vyoo tofauti vya wanawake viwandani mwaka 1887. Anayekuambia ni madai ya kisasa, mpe mwaka huo.

Mkataba wa 167 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1988, unahusu ujenzi. Kifungu cha 32 kinataka maji salama ya kunywa, vyoo na mahali pa kunawa, na kinasema wanaume na wanawake wapewe vyoo na mahali pa kunawia tofauti. Ona kwamba maji na vyoo vimewekwa kwenye kifungu kimoja. Mwajiri anayekuletea maji huku choo kimefungwa ametimiza nusu.

Kwenye suala la idadi, Uingereza ina kanuni za mahali pa kazi za mwaka 1992 na mwongozo wake una jedwali. Kwa wanawake: mtu 1 hadi 5, choo 1 na sinki 1. Kuanzia 6 hadi 25, vyoo 2. Jedwali linaanza na mtu mmoja! Halianzi na kumi, halisemi "wakiwa wachache wasubiri". Mwongozo huohuo unataka pawe na njia ya kutupia pedi kwenye vyoo vya wanawake.

Msimamizi naye ana hoja, na kanuni zinamuunga mkono. Uingereza na Marekani zote zinaruhusu choo kisichotenganishwa kwa jinsia ikiwa ni chumba cha mtu mmoja kinachofungwa kwa ndani. Lakini zingatia hilo la kufungwa kwa ndani. Na mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilifafanua mwaka 1998 kwamba haitoshi choo kuwepo. Mfanyakazi lazima aweze kukitumia anapokihitaji. Ufunguo kwenye droo ya mtu aliye kikaoni unaangukia hapo moja kwa moja.

Namna ya kuwasilisha: acha kupeleka barua ya malalamiko kwa utawala. Jaza fomu ya kuripoti hatari, ileile unayojaza ukikuta waya umechunika. Hatari: wafanyakazi wanaepuka maji kwa sababu choo hakifikiki. Anayeathirika: mafundi wanaofanya kazi mahali pa juu na kwenye umeme. Kinachoweza kutokea: kuanguka, kuguswa na umeme, kuugua. Hatua inayopendekezwa, mhusika, tarehe. Fomu ikishapewa namba, lazima mtu aifunge kwa saini yake. Barua inaweza kulala kwenye faili hadi iote vumbi.

Kingine, nenda na mchoro. Kamati za watu wa ufundi zinaelewa mchoro kuliko maelezo.

---

Msimamizi wa Zamu B

Nimerudi. Nimesoma maelezo ya Muuguzi mara mbili. Hilo la kwamba mnaacha kunywa maji sikulijua, na nina wanawake kwenye zamu yangu. Jioni hii nimetoa ufunguo kwenye droo na kuchongesha nakala, kila mmoja anapewa wake.

Kwenye nafasi, nifikirie kifundi. BintiPaneli, vile vyoo vinne vya wanaume kwenu, kile cha mwisho kimepakana na nini?

---

BintiPaneli

Kimepakana na korido ya kuelekea stoo ya vipuri. Ukuta wa tofali, haubebi paa. Umenifungua macho. Nimekwenda kupima leo na fundi pampu.

Ukiziba mlango wake wa ndani na kutoboa mlango mpya upande wa korido, unapata chumba cha mtu mmoja, kinajitegemea. Bomba la maji taka lipo tayari, haliguswi. Maji ya sinki yanachukuliwa kwenye bomba lilelile linalopita nyuma ya ukuta, fundi pampu anasema ni kazi ndogo. Taa na feni nitavuta mimi mwenyewe.

Swali kwa Afisa Usalama: wanaume watabaki na vyumba vitatu. Wataniambia nimewapunja?

---

Afisa Usalama

Angalia jedwali lilelile la Uingereza, sehemu ya wanaume pekee. Kwa wanaume 61 hadi 75, vyoo 3 na sehemu 3 za kukojolea. Kwa hiyo hata wangekuwa kazini wote kwa wakati mmoja, ambalo kwa zamu haliwezekani, wako ndani ya kipimo. Hesabu sehemu za kukojolea zilizopo uziandike kwenye fomu.

Kile chumba cha zamani kilichokuwa stoo msikiachie. Kibaki cha wanawake, hiki kipya, chenye komeo la ndani, kiwe cha yeyote, na wasichana wa mafunzo wakija mtakuwa na nafasi.

---

BintiPaneli

Sehemu za kukojolea ziko tano, nimezihesabu kwa msaada wa mwenzetu wa kiume. Hii ndiyo fomu niliyoandika. Ikosoeni bila huruma.

"Hatari: Wafanyakazi wanawake wa idara ya matengenezo hawafikii choo wanapokihitaji. Kilichopo kimefungwa kwa kufuli ya nje na ufunguo unashikwa na msimamizi wa zamu. Choo mbadala kiko jengo la ofisi, ng'ambo ya uwanja wa malori, na hufungwa usiku. Kwa sababu hiyo wafanyakazi hupunguza maji ya kunywa wakiwa kwenye joto la boila. Mfanyakazi mmoja, ambaye ni mwandishi wa fomu hii, alipatwa na kizunguzungu akiwa kwenye ngazi mbele ya paneli yenye umeme.

Hatua za mara moja: Kufuli ya nje iondolewe. Liwekwe komeo la ndani linaloonyesha kama kuna mtu. Ziwekwe ndoano mbili, moja ya ovaroli na moja imara ya mkanda wa zana. Rafu ndogo iliyo mbali na sakafu. Pipa lenye mfuniko wa kukanyagia. Sabuni ya kuondoa grisi na maji kwenye sinki la ndani. Swichi ya taa ihamishiwe ndani. Litolewe tangazo kwa mafundi wote kuhusu matumizi ya choo hicho, na atakayelivunja ashughulikiwe kama anayevunja kanuni nyingine ya usalama.

Hatua ya kudumu: Choo cha nne cha wanaume kigeuzwe chumba cha mtu mmoja chenye mlango upande wa korido, kama mchoro unavyoonyesha. Wanaume watabaki na vyoo vitatu na sehemu tano za kukojolea. Kazi yote inaweza kufanywa na mafundi wa idara. Kikamilike kabla ya wanafunzi wa mafunzo ya vitendo kufika."

Wenzangu wote watatu wamesaini chini yangu. Mchomeleaji amesema ndoano atazitengeneza yeye, za chuma, hazing'oki.

---

MwendeshaKreni

Nzuri sana, na hilo la kufanya kazi kwa mikono yenu litawanyima kisingizio cha bajeti. Kasoro moja: hujaandika nani anasafisha. Uliliuliza wewe mwenyewe kule juu. Andika mara ngapi kwa zamu, nani anaweka saini kwenye karatasi ya ukutani, na nani anamwaga lile pipa. Pipa lisilo na mwenyewe hujaa ndani ya wiki, na likijaa watasema nyie ndio mlioharibu.

---

BintiPaneli

Nimeongeza: usafi mara mbili kwa kila zamu, pipa limwagwe kila mwisho wa zamu na kampuni ya usafi inayohudumia jengo la ofisi, kwa kuwa wao tayari wanafanya kazi hiyo kule. Karatasi ya saini itakuwa nyuma ya mlango. Fomu imeshapokelewa na imepewa namba, mchoro umeambatishwa. Nitaleta majibu ya kikao hapahapa kwenye uzi huu.